KOMPYUTA NA USINGIZI WA WATOTO WETU

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo lililozuka katika mkutano wa wazazi, ambalo sipendi lipite hivi hivi bila kujibiwa.

Mzazi mmoja, mtu mwenye heshima zake na awapendaye watoto kwa dhati, alishauri kwamba saa za kujisomea usiku ziongezwe, vijana wasome hadi saa sita badala ya saa nne, kwa kuwa mtihani wa Taifa unakaribia. Alipoulizwa watalala lini, alikunja mkono wa shati akatuonyesha saa yake. Saa hiyo, alisema, ina kompyuta ndani yake, na kila asubuhi humwandikia amelala usingizi mwepesi kwa muda gani, mzito kwa muda gani, na wa ndoto kwa muda gani. Naye ameona kwa miezi mingi kwamba karibu usingizi wake mzito wote humalizika kabla ya saa nane za usiku. Baada ya hapo mtu hujigeuza-geuza tu kitandani, basi mtoto apoteze saa hizo kwa nini? Akaongeza ya kwamba wataalamu wamewapima Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kwa vyombo vya namna hiyo hiyo, wakakuta wanalala chini ya saa saba, na afya zao ni njema.

Makofi yalipigwa mengi. Mimi si daktari. Nafundisha Baiolojia, na kwa ajili ya kufundisha nimelisoma jambo hili kwa muda. Nasema wazi kwamba kompyuta kusoma usingizi ni kazi kubwa na ya manufaa, na siku moja itatufaa sana sisi tusio na wataalamu wengi. Lakini hoja iliyojengwa juu ya ile saa haina mguu wa kusimamia, na watakaoumia kwa hoja hiyo ni watoto.

Kwanza yafaa tujue usingizi husomwaje. Ubongo wa mtu hutoa umeme mdogo mno. Daktari mmoja wa Ujerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, aliunasa umeme huo kwa mara ya kwanza katika kichwa cha binadamu mwaka 1924, akautangaza mwaka 1929. Wengi walikawia kumwamini. Mwaka 1937 Mmarekani Alfred Loomis, tajiri aliyekuwa na maabara yake mwenyewe, yeye na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya umeme huo hubadilika hatua kwa hatua kadiri mtu anavyozidi kuzama usingizini. Kisha mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba iko sehemu ya usingizi ambamo macho huzunguka upesi chini ya kope, na ukimwamsha mtu wakati huo aghalabu atakusimulia ndoto.

Tangu hapo kila maabara ikawa na desturi yake ya kuhesabu, mpaka mwaka 1968 kamati ya Allan Rechtschaffen na Anthony Kales ilipotoa kitabu cha kanuni. Mwaka 2007 chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kilitoa kanuni mpya, zikaunganisha hatua mbili za usingizi mzito kuwa moja. Kanuni hizo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndizo zitumikazo.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Mgonjwa hulazwa na nyaya zikabandikwa kichwani, kando ya macho, na kidevuni. Zamani kalamu za mashine zilichora mawimbi juu ya karatasi iliyokuwa ikikimbia milimita 10 kwa kila sekunde. Ukurasa wenye upana wa sentimeta 30 ulijaa kwa sekunde 30, na mpaka leo, ingawa karatasi imeachwa, usiku hukatwa vipande vya sekunde thelathini thelathini. Usiku wa saa 8 una vipande 960. Vijana wa Kidato cha Kwanza, hesabuni wenyewe: karatasi hiyo ni mita 288, karibu viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa mwisho kwa mwisho. Na mtu alikaa akakitazama kila kipande, akaandika pembeni: huyu yu macho, huyu ameanza kusinzia, huyu anaota.

Kipande kimoja huamuliwa kwa dalili zake. Mtu aliye macho lakini amefumba kope hutoa mawimbi nane hadi kumi na mawili hivi kwa sekunde. Akianza kusinzia mawimbi hayo hupotea, macho yakaelea polepole. Hiyo ni hatua ya kwanza. Katika hatua ya pili hutokea mafungu mafupi ya mawimbi ya haraka, yaliyonenepa katikati na kuchongoka pande zote mbili kama pia ya kusokotea uzi, na mara kwa mara wimbi moja kubwa la pekee. Katika hatua ya tatu, ndio usingizi mzito, mawimbi huwa makubwa na ya polepole. Kisha ndoto: ubongo hufanana na wa mtu aliye macho, macho hucheza, na misuli ya kidevu hulegea kabisa. Mwili umelala fofofo na ubongo uko kazini. Ndiyo sababu mwanafunzi anayeota mbele ya darasa hudondosha kidevu, ingawa kwa kawaida huyo yuko hatua ya kwanza tu.

Yadhaniwa kwamba kanuni zikishaandikwa watu wote watakubaliana. Haikuwa hivyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wapimaji zaidi ya 2,500 walioonyeshwa kurasa zile zile. Walikubaliana kwa asilimia 82.6. Katika usingizi wa ndoto walikubaliana vizuri sana, lakini katika hatua ya kwanza, pale mtu anapovuka kutoka kuwa macho kuingia usingizini, walikubaliana kwa asilimia 63 tu, na hata usingizi mzito, ambao mzazi wetu anauhesabu kwa dakika, ulikubaliwa kwa asilimia 67.4. Hawa ni watu waliosomea, wenye mawimbi ya ubongo mbele ya macho yao.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mtu huchukua saa nzima au zaidi kusoma usiku mmoja wa mgonjwa. Kompyuta haimalizi dakika. Mwaka 2021 watu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walitoa programu iliyojifunza kutoka katika usingizi wa watu zaidi ya 15,000, na mwaka huo huo Raphael Vallat na Matthew Walker wa Berkeley, Marekani, walitoa yao iliyofunzwa kwa zaidi ya saa 30,000 za usingizi. Zote hutolewa bure. Haziandikiwi kanuni moja moja. Huonyeshwa kurasa zilizokwisha kusahihishwa na binadamu, maelfu kwa maelfu, mpaka zizoee kutoa jibu ambalo binadamu angelitoa. Kwa kazi hiyo zimekaribia kabisa ustadi wa mpimaji mzuri. Lakini kompyuta ya namna hii ni mwanafunzi wa wapimaji, na pale walimu wake wanapobishana, naye hana njia ya kuujua ukweli uliowashinda.

Saa ya mzazi wetu haifikii hata hapo. Haina waya hata mmoja kichwani. Ndani yake mna kidude kinachohisi mtikisiko wa mkono, na taa ndogo ya kijani inayopiga juu ya ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo. Kupima usingizi kwa mtikisiko ni jambo la zamani. Njia moja mashuhuri, ya Cole, Kripke na wenzao ya mwaka 1992, huchukua mtikisiko wa dakika inayohusika, wa dakika nne zilizotangulia na mbili zinazofuata, ikazipa kila moja uzito wake na kujumlisha. Jumla ikiwa ndogo, husema amelala. Njia hiyo hujua vizuri sana kwamba aliyelala amelala. Udhaifu wake ni kwa aliye macho lakini ametulia tuli. Mama aliyekesha akimwaza mtoto mgonjwa, bila kujigeuza, yamkini ataandikiwa asubuhi kwamba alilala vema. Saa za sasa zimeongeza mapigo ya moyo, nazo zimeboreka, lakini juu ya hatua za usingizi zinakisia kutoka mbali, kama mtu akisiaye chakula kinachopikwa kwa kunusa moshi. Moshi husema mengi, ila hauhesabu vitunguu.

Hata tukikubali kwamba saa ile imekisia sawa, hoja bado haisimami. Ni kweli usingizi mzito mwingi huja katika sehemu ya kwanza ya usiku. Hilo lajulikana kwa nyaya, wala haikuhitajika saa kulivumbua. Lakini mtu hulala kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo sehemu ya ndoto inavyorefuka katika kila mzunguko. Hatua ya pili nayo hujaa katika saa hizo. Watafiti wengi wameyahusisha yale mafungu ya mawimbi mfano wa pia na kazi ya ubongo ya kuyatia katika kumbukumbu yale mtu aliyojifunza mchana. Basi tukimlaza mtoto saa sita na kumwamsha saa kumi na nusu, tutakuwa tumemnyang'anya hasa zile saa za mwisho, ndizo zenye ndoto na hatua ya pili kwa wingi. Tunamwongezea ukurasa mmoja wa Historia na kumpunguzia uwezo wa kuukumbuka.

Ama kuhusu Wahadzabe, mzazi wetu amesoma nusu ya habari. Utafiti alioutaja ni wa mwaka 2015, wa Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao, nao ulihusu Wahadzabe wa hapa kwetu, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Ni kweli walilala kati ya saa 5.7 na saa 7.1. Lakini walipumzika mahali pa kulala kati ya saa 6.9 na saa 8.5, na waliopimwa walikuwa watu wazima. Hakuna popote walipoambiwa waamke na kengele wakakimbie mchakamchaka. Kijana wa miaka kumi na mitano mwili wake unakua, na saa yake ya ndani husogea mbele, akawa hapati usingizi mapema hata akitaka. Wataalamu wa chama kile cha Marekani, walipokutana kulijadili jambo hili mwaka 2016, walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18.

Uko utafiti mwingine wa Wahadzabe ambao mimi naupenda zaidi, wa mwaka 2017, wa David Samson na wenzake, miongoni mwao Audax Mabulla, mwanaakiolojia wetu wa Kitanzania. Watu wazima 33 walivaa vipimo vya mkononi kwa siku 20. Katika usiku wote huo, kwa jumla ya saa zaidi ya 220, wote walikuwa usingizini kwa pamoja dakika 18 tu. Wazee huwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana huchelewa, na hivyo kambini hakukosi mtu wa kusikia simba. Mwalimu wa zamu yeyote aliyewahi kuzunguka bweni saa saba za usiku atakubali kwamba bweni la wavulana ni kambi ya namna hiyo, ila simba wao ni mwalimu mwenyewe.

Angalieni kwamba kipimo kile kile cha mkononi nilichokikosoa ndicho kilichotumika Eyasi. Sioni ubishi katika hilo. Wale watafiti waliuliza swali ambalo kipimo kinaweza kulijibu, yaani nani kalala na nani yu macho, kwa watu wengi na kwa siku nyingi. Hawakukiuliza usingizi mzito ulikwisha saa ngapi.

Hivi sasa bwenini taa huzimwa saa nne na nusu na kengele hupigwa saa kumi na nusu. Hizo ni saa sita, nazo tayari ni pungufu. Mwanafunzi akisoma hadi saa sita, aweke vitabu, anawe miguu, atalala saa sita na nusu, na kengele itamkuta baada ya saa nne. Mimi nashauri tuelekee upande wa pili: taa saa nne kamili, kengele saa kumi na moja na nusu, mchakamchaka uhamie jioni. Zitakuwa saa saba na nusu, bado nusu saa tu kufika kima cha chini. Watasema shule fulani ya jirani hukesha na hufaulu. Inawezekana, lakini ingelifaulu vipi kama ingelala, hakuna aliyejaribu. Watasema pia asubuhi ya Gairo ina upepo na baridi, mtoto asipowahi kuamka hatachota maji. Hilo ni tatizo la maji, nalo litatuliwe kwa bomba.

Nimetaja mji wetu kwa sababu moja zaidi. Gairo imekaa juu ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, na wazazi wengi wa shule hii wanaishi kwa barabara hiyo: wenye magari, utingo, mama wauzao chakula stendi. Mwaka 2023 Serikali iliyaruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha. Sina neno juu ya ruhusa hiyo. Lakini nimeanza kusikia madereva wakisema, "Saa yangu imenipa alama themanini, niko sawa." Dereva aliyelala saa tatu ndani ya lori, mkono umetulia juu ya kifua, anaweza kupewa alama nzuri na mashine isiyojua alikuwa akiwaza deni. Ndugu madereva, macho yakianza kuwa mazito pale baada ya mlima, lisimamisheni gari, hata saa ikisema nini.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu ndilo kubwa. Programu hizi zimefunzwa kwa usingizi wa nani? Makusanyo makubwa karibu yote ni ya Marekani na Ulaya. Ubongo wa Mkaguru hauna mawimbi ya kabila jingine, hilo tusilidhani. Lakini maradhi yetu si yale yale. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, huko Mahenge, kifafa ni kingi kuliko kawaida. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwahudumia wagonjwa hao tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na ndiye aliyeandika mapema habari za watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia, maradhi ambayo baadaye yalionekana pia Sudan Kusini na Uganda, na ambayo yamehusishwa na usubi, wale inzi wadogo wa mitoni waenezao upofu. Mtoto wa namna hiyo akiwekewa nyaya, ubongo wake hutoa miripuko ya umeme isiyo katika kurasa za mtu mzima wa afya wa Boston. Kompyuta itaiitaje miripuko hiyo? Yaweza kuiita usingizi mzito, maana nayo ni mikubwa.

Au chukueni malale. Ugonjwa huo unapofika ubongoni, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, na waliowapima wagonjwa wa Afrika ya Magharibi na ya Kati waliona kwamba huweza kutumbukia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto, jambo ambalo mtu mzima wa afya kwa kawaida halifanyi. Mashine iliyozoea kwamba ndoto huja baada ya saa moja na zaidi itadhani imeona vibaya.

Kwa hiyo sidai tuzikatae programu hizi. Nadai usiku wa watu wetu uingie katika mafunzo yake, kwa hiari ya wenyewe, na usomwe na wapimaji wa kwetu waliosomea. Tunao vijana humu darasani wanaopenda kompyuta na wengine wanaopenda udaktari, nao hukaa madawati ya mbalimbali kana kwamba hawahusiani. Kazi hii inawataka wote wawili.

Kwa kuanzia, chama chetu cha Sayansi kitafungua daftari la usingizi muhula ujao. Halihitaji saa wala umeme. Kila atakayejiandikisha ataandika kwa majuma mawili saa aliyopanda kitandani, saa anayodhani alipata usingizi, mara alizoamka, saa aliyoondoka, na kipindi alichosinzia darasani kama kipo. Majina hayataandikwa, namba tu. Wazazi wanaopenda kujaza yao nyumbani watapata karatasi kwa mwalimu wa zamu, na yule mwenye saa ya mkononi namwomba hasa ajaze vyote viwili, cha saa na cha kalamu, tuviweke pamoja ubaoni.

Mwalimu wa Baiolojia, Gairo